Kificho kwenye dashibodi ya Landrova yangu, na makosa yaliyonigharimu

Agosti 2019 niliibiwa shilingi 1,850,000 ndani ya gari langu mwenyewe, na mimi nimelala chumba cha tatu kutoka pale lilipoegeshwa. Zilikuwa fedha za vibarua. Mimi ni fundi wa pampu za visima, makazi yangu Arusha, na kazi nyingi ninazopata ziko Simanjiro, Longido na Kiteto. Huko mtandao wa simu mara nyingi unaufuata juu ya kilima, na wakala wa fedha unaweza kumkuta mwendo wa saa tatu. Mtu aliyekuchimbia mtaro kutwa nzima anataka kulipwa taslimu jioni ileile, na ni haki yake. Kwa hiyo fedha sina budi kusafiri nazo.

Gari lenyewe ni Land Rover Defender 110 ya mwaka 1997, injini ya 300Tdi ya lita 2.5. Aliyewahi kupanda gari hili anajua kwamba mbele ya abiria hakuna kisanduku chenye mlango kama kwenye magari mengine. Kuna shubaka refu lililo wazi, ambamo kila mtu hutupa karatasi, miwani na chupa za maji. Chenye kufuli ni kisanduku kilicho kati ya viti tu, na hicho ndicho mwizi anachoanzia. Aliyeniibia alikifungua kwa bisibisi. Spana zangu hakugusa, redio hakugusa, tochi aliiacha ikining'inia pale pale. Alichukua bahasha.

Asubuhi vibarua 11 walikuwa wananisubiri kisimani. Niliwaeleza ukweli. Walinisikiliza kimya, kisha mzee mmoja kati yao akaniuliza, "Mwanangu, umekula?" Ningeona nafuu kama angenitukana. Nilirudi Arusha, nikakopa, na baada ya siku nne nikarudi kuwalipa. Siku hiyohiyo ndipo nilipoamua kwamba fedha ya watu haitalala tena kwenye kisanduku kile.

Ninaandika haya kwa sababu ilinichukua karibu miaka miwili na majaribio matatu kupata kitu kinachofaa, na mambo mengi niliyokosea yalikuwa ya kuepukika kabisa.

Wazo lilikuwa jepesi. Shubaka la dashibodi lina kina cha kutosha kuwekewa sakafu ya pili, sentimita 4 juu ya ile ya asili. Juu ya sakafu hiyo unatandika mpira uleule mweusi, unarudisha karatasi na miwani yako, na mtu akichungulia anaona shubaka lilelile la siku zote. Chini yake panabaki nafasi ya bahasha mbili nene, pasipoti, kadi ya gari na funguo za akiba. Hukati bodi, hutoboi ukuta wa chuma unaotenganisha injini na abiria, na ukitaka kuuza gari unaing'oa yote kwa dakika kumi. Wazo hilo sijalibadilisha mpaka leo. Kilichonisumbua ni utekelezaji.

Sakafu ya kwanza niliitengeneza kwa plaiwudi ya milimita 9. Nilikwenda gereji moja maeneo ya Unga Limited, nikatafuta seremala, akapima na kukata, na vijana wa gereji wakatuzunguka wakitoa ushauri. Ilinigharimu shilingi 85,000 na nusu siku. Nilitoka pale nimefurahi, na sikufikiri hata mara moja kwamba watu tisa wasionihusu sasa wanajua fedha zangu zinalala wapi. Kama kuna jambo moja ningeomba ulishike, ni hilo. Kazi ya namna hii ifanyie nyumbani, uani, geti limefungwa. Ukihitaji fundi, mpe vipimo vya kipande kimoja kimoja bila kumwambia kinakwenda wapi.

Kisha ikaja masika ya 2020. Mvua mnaikumbuka ilivyokuwa mwaka ule. Chini ya kioo cha mbele cha Defender kuna milango miwili midogo ya hewa, unayoifungua kwa wenzo ukiwa ndani. Raba zake zikizeeka, maji hupenya na kushuka nyuma ya dashibodi. Hilo nililijua, maana miguu ya abiria wangu ilikuwa ikilowa miaka yote na tulikuwa tumeshazoea. Sikuliunganisha na kificho. Plaiwudi ilinyonya maji, ikavimba, kifuniko kikagoma kufunguka. Nilipokitoa kwa nguvu nilikuta bahasha imelowa kama tambara la kupigia deki, na pasipoti kurasa zimegandana. Mimi na mke wangu tuliziachanisha noti moja moja tukazianika juu ya mkeka chumbani, feni ikiwa pole pole zisipeperuke. Nyingi zilipona. Pasipoti haikupona, ikabidi niombe nyingine.

Kwa hiyo kabla hujakata hata kipande kimoja, fanya hivi. Tandika magazeti makavu kwenye shubaka na chini mbele ya viti. Mwambie mtu amwagilie kioo cha mbele kwa mpira wa maji dakika kumi, akianzia chini kwenda juu. Halafu ingia usome magazeti: palipolowa ndipo maji yanapoingilia. Badilisha raba kwanza. Nilinunua jozi mpya, nikazifunga mwenyewe asubuhi moja, na miguu ya abiria ikakauka baada ya miaka sita. Ningekuwa nimefanya hivyo mwanzo, pasipoti ingekuwa salama.

Jaribio la pili lilinifundisha kuheshimu nyaya. Nilihamia kwenye bati la alumini la milimita 1.5, ambalo halinyonyi maji wala halivimbi. Nilitaka lishikwe kwa skrubu nne kwenye ukuta wa nyuma wa shubaka. Nikachukua drili, nikatoboa. Kila kitu kilionekana sawa, taa ziliwaka, wipa zilizunguka, nikasafiri. Nyuma ya ukuta ule kunapita shada zima la nyaya za gari. Sikuwa nimekata waya wowote. Nilichofanya ni kibaya zaidi, maana ncha ya skrubu moja iligusa ganda la waya wa wipa na kubaki pale inasugua. Kila mtikisiko wa barabara ulikuwa unalila ganda lile kidogo kidogo.

Lilikwisha usiku, karibu na Makuyuni, mvua inanyesha. Wipa zilisimama katikati ya kioo. Nikanusa plastiki inayoungua. Nilibadilisha fyuzi, ikakatika papo hapo. Nililaza gari pembeni ya barabara mpaka alfajiri, mikono ikinitetemeka, nikifikiria kwamba waya ule ungekuwa hauna fyuzi gari lingeungua na mimi ndani. Fundi umeme alinidai shilingi 120,000 kufungua dashibodi na kufunga waya upya, na alikuwa na subira ya kunionyesha kila kitu kwa tochi. Namshukuru hadi leo.

Aliyonifundisha ni haya. Chomoa kwanza nguzo hasi ya betri; kwenye Defender kama yangu betri iko chini ya kiti cha kushoto. Usitoboe mahali ambapo mkono wako haujafika upande wa pili. Pasipofikika, ingiza kioo kidogo na tochi. Na msumari wa drili uvishe kipande cha bomba gumu ili ibaki nje milimita 4 tu. Hata ukiteleza hauwezi kuzama. Zaidi ya hapo, jiulize kama tundu linahitajika kweli. Sakafu yangu ya sasa haina skrubu hata moja upande wa nyuma. Imekaa juu ya vipande viwili vya alumini vyenye umbo la L, vilivyobanwa na bolti za dashibodi zilizokuwepo tangu gari linatoka kiwandani.

Wenye magari mapya zaidi, Prado, Hilux na kadhalika, sikilizeni vizuri hapa. Defender yangu haina mfuko wa hewa. Yenu inao, na wa abiria umekaa hapohapo mbele yake, ndani ya dashibodi. Nyaya zake kwa kawaida huwa na viunganishi vya njano. Ukiona njano, ondoa mkono. Mfuko ule hufumuka kwa mlipuko, na chochote ulichokifunga mbele yake kitakwenda usoni kwa aliyekaa pale. Magari hayo tafuteni mahali pengine, mbali na nyaya hizo.

Baada ya nyaya nikajiona mjanja, nikaweka loki ya umeme. Ni ile ya milango ya gari, ya volti 12, ilinigharimu shilingi 35,000. Swichi yake niliificha chini ya usukani. Ukibonyeza, unasikia "tak", kifuniko kinainuka. Watoto wangu waliipenda sana. Kwa miezi saba ilifanya kazi bila tatizo. Mwezi wa nane nilikuwa kijiji kimoja karibu na Naberera, kazi imekamilika, maji yanatoka bombani, vibarua wamekaa kivulini wanasubiri. Nikabonyeza. "Tak." Kifuniko hakikuinuka. Vumbi la Simanjiro ni laini kama unga wa muhogo. Lilikuwa limeingia kwenye pini ya loki na kuikwamisha. Nilibonyeza mara ishirini. Mwishowe nilichukua wenzo wa kubandulia matairi na kubandua kifuniko mbele ya watu wote, na kijiji kizima kikaona sakafu ya pili, bahasha na kila kitu.

Walilipwa, na hakuna aliyenigusa. Lakini kificho kilikuwa kimekufa siku ile, maana siri iliyoonwa na watu thelathini haina kazi tena.

Hapo katikati nilijaribu pia sumaku, zile ndogo zenye nguvu sana. Zilishika vizuri, ila dira ninayotumia kuelekezea paneli za sola ilianza kunidanganya kila nikiiweka juu ya dashibodi. Na kadi za benki zenye ukanda mweusi nyuma hazitakiwi kulala karibu na sumaku. Nilizitoa baada ya wiki mbili.

Kilichobaki kikawa kile ambacho ningeanza nacho kama ningemsikiliza jirani yangu, fundi baiskeli. Nilikuwa nimekaa kwake jioni moja nikimlalamikia juu ya loki. Akanyoosha mkono, akachukua kebo ya breki iliyokuwa imening'inia ukutani. "Kaka, hii inafanya kazi juani, mvuani na vumbini. Boneti ya gari lako inafunguliwa na nini?" Ni kweli, boneti za magari mengi hufunguliwa kwa kebo. Nilimlipa shilingi 3,000. Kwenye ncha moja kuna komeo dogo lenye springi, la mlango wa kabati. Ncha nyingine imepita nyuma ya paneli na kuishia mahali ambapo kidole kinafika bila macho kuona. Mahali hapo sitapaandika. Ukivuta, komeo linarudi na kifuniko kinapanda kwa springi mbili za kitandani nilizozikata. Hakuna betri, hakuna fyuzi. Na kebo ikikatika, kuna bolti moja chini ya shubaka. Ukiifungua kwa spana namba 10 sakafu nzima inashuka. Usijenge kificho chenye njia moja tu ya kufungulia.

Bati lilikunjwa na fundi bati kwa shilingi 60,000. Nilimwambia ni trei ya vifaa, na kwa kweli ndivyo lilivyoonekana. Kingo zote zinazomwelekea abiria nilizikunja kwa ndani na kuzivisha mpira, kwa sababu magoti ya mtu yako pale, na kwenye ajali bati lenye makali ni kisu. Pale alumini inapokutana na chuma niliweka mpira wa tyubu na grisi. Metali hizo mbili zikigusana penye unyevu, alumini huliwa na kugeuka unga mweupe. Tazama kingo za chini za milango ya Landrova yoyote ya zamani, ambayo ina fremu ya chuma na ngozi ya alumini, utaona ninachosema.

Tyubu hiyohiyo ndiyo iliyomaliza kelele. Barabara za huko zina mawimbi, na kwenye mawimbi kitu chochote kilicholegea kinaimba. Sakafu inayogonga inamwambia kila abiria kwamba chini yake pana uwazi. Nilitandika mpira pande zote nne, na kwa gundi ya kawaida ukabanduka ndani ya wiki mbili, kwa kuwa dashibodi iliyo juani hupita nyuzi 70 za Selsiasi. Sasa umeshikwa kwa riveti. Kwa sababu ya joto hilo pia usiweke humo pawabenki, dawa, wala kiberiti cha gesi.

Yapo mambo madogo ambayo mwizi huyasoma kuliko tunavyodhani. Bolti mpya zinazong'aa kati ya bolti zenye kutu zinapiga kelele, kwa hiyo nilitumia za zamani. Vumbi nalo ni kama daftari: ukifungua kificho kila siku, alama za vidole vyako zinabaki palepale juu ya mpira, na pengine pote ni vumbi tupu. Siku hizi nikifunga napangusa shubaka zima au sipangusi kabisa. Sifungui kificho mjini wala kwenye kituo cha mafuta. Nasimama porini kabla ya kufika, natoa fedha ya siku ile peke yake, naitia mfukoni. Na kwenye kisanduku cha katikati ya viti, kile chenye kufuli, naacha simu ya zamani na noti mbili za elfu kumi. Mwaka 2021 gari lilivunjwa tena, mji mwingine. Simu na noti zilikwenda, kioo cha mlango kilikwenda, na fedha za vibarua 14 zilikuwa sentimita arobaini kutoka pale mkono wa mwizi ulipopita.

Nilifikiri nimemaliza, mpaka Machi 2022.

Nilikuwa natoka Kiteto nikaanza homa. Nilifika Babati sijui nimefikaje. Wasamaria walinipeleka hospitali, malaria kali, na kwa siku mbili nilikuwa siongei kitu cha kueleweka. Mke wangu alipanda basi usiku kutoka Arusha. Gari lilikuwa limeegeshwa hapo hospitalini, funguo alikabidhiwa. Ndani ya kificho kulikuwa na kadi yangu ya bima ya afya na shilingi 740,000. Alijua kificho kipo, kwa kuwa aliniona nikikitengeneza uani. Hakujua kebo iko wapi, wala bolti ya spana namba 10. Sikumwambia. Nilidhani namlinda, kwamba asichokijua hawezi kulazimishwa kukisema. Mama Neema alikaa kwenye kiti cha abiria, akapapasa dashibodi ile kwa saa nzima, akalia, kisha akapiga simu kwa ndugu zake kukopa.

Nilipopata fahamu hakunigombeza. Alisema tu, "Baba Neema, kumbe na mimi umenificha."

Sina namna ya kulipamba hilo. Mtu aliyeanika noti zangu moja moja juu ya mkeka nilimweka kundi moja na wezi. Wiki niliyorudi nyumbani nilimwonyesha kebo, nikamfunga kitambaa machoni kwa ridhaa yake, akafungua mara kumi mpaka kidole chake kikakariri njia. Kaka yangu anajua kuhusu ile bolti ya chini. Hao wawili wanatosha. Kadi ya bima nayo niliitoa. Inakaa kwenye pochi yangu, na nakala anayo mke wangu. Kificho ni cha vitu ambavyo unaweza kukaa siku tatu bila kuvigusa. Unachoweza kukihitaji ukiwa huwezi kusema hakifai kulala humo.

Kuhusu askari na maofisa wa mpakani, nina uzoefu mmoja tu. Mwaka 2023 nilivuka Namanga kwenda kuchukua pampu Kajiado. Nilikuwa nimeweka kadi ya njano, ile bima ya gari ya kuvukia mpaka, kwenye kificho, kwa uzembe, na ofisa alipoiomba ilibidi nifungue mbele yake. Alinyamaza. Nikajua anawaza nini, maana vificho vya magari havijulikani kwa mambo mema. Nilimwambia, "Dada, ni cha fedha za vibarua, tafadhali kikague chote." Nikakifungua chote, nikamwonyesha na bolti ya chini. Alichukua tochi, akaangalia kila pembe, akauliza maswali kwa robo saa, akaniruhusu. Tangu hapo karatasi zote za safari zinakaa juu, wazi, na mpakani nikiulizwa kama kuna chochote kilichofichwa nakisema kabla sijatafutiwa. Tena kificho kinakwenda pale kikiwa kitupu.

Gharama yote kwa pamoja, ukiondoa nilichoibiwa na pasipoti, ilifika kama shilingi 340,000. Kificho kinachofanya kazi leo kimekula chini ya laki moja kati ya hizo. Zilizobaki ni za plaiwudi, waya ulioungua, loki, na vipande vya bati nilivyokata vibaya.

Oktoba 2024, kwenye tamasha la Land Rover hapa Arusha, nilikuwa nachungulia dashibodi za wenzangu kila nilipopita, na kwenye magari mawili niliona sakafu ya shubaka iliyo juu kuliko kawaida. Moja ilikuwa na skrubu nne mpya zinazong'aa kwenye ukuta wa nyuma. Nilimsubiri mwenye gari hadi akarudi, nikamsalimu, nikamvuta pembeni kumweleza habari ya nyaya. Tulifungua pamoja jioni ile, geti la kwake limefungwa. Skrubu ya pili kutoka kushoto ilikuwa imeshaanza kugusa ganda la waya.

Yangu bado inafunguka kwa mkono mmoja. Kiangazi hiki nitabadilisha kebo. Nyuzi mbili zimeanza kukatika pale inapopinda.